Baba, Shokapu za Nyuma Zimefungwa

Shikamoo Baba,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua, kwa hiyo nakuletea ya kwetu. Sisi ni wazima. Mama anakula vizuri sasa, isipokuwa Jumapili, maana Jumapili bado anapakua sahani yako, halafu anakumbuka. Ng'ombe amezaa dume. Mvua zimewahi na kabichi za bondeni zimekubali. Mimi Damari wako bado nafundisha watoto asubuhi na kisomo cha watu wazima jioni, na bado nina domo lile lile ulilokuwa ukisema nimelirithi kwa mama yako.

Habari kubwa ni kwamba shokapu za nyuma za Kabaila, pikapu yako, zimefungwa. Zote mbili, zile zile ulizoziweka chini ya kitanda. Na tumezifungia hapo hapo ulipo, ubavuni pako, kwa hiyo kama ulisikia nyundo na sauti ya Baba Mdogo Zakayo ikipanda, sasa unajua kulikuwa na nini. Mzee wa kanisa hatukani, hilo nalijua. Lakini nati ya juu upande wa kulia ilimtoa maneno ya Kishambaa ambayo mimi, Mshambaa wa kuzaliwa, sikuwahi kuyasikia.

Ngoja nianze mwanzo, maana ulikuwa hupendi habari inayoanzia katikati.

Siku tuliyokuzika, Mama Mkubwa hakuja. Dada wa watu nyonga zimemshinda kabisa, kule Magoma anatoka kitandani hadi mlangoni kwa kushikiliwa, na kukaa kitako kwenye kiti cha basi hawezi, lazima alale. Waliompelekea habari wanasema alilia akitaka abebwe hivyo hivyo, hata kwa machela, watu wakamtuliza, wakaja bila yeye. Alituma neno moja tu kwa Mama: "Mwambieni mdogo wangu kwamba mimi shemeji yangu sijamzika." Mama alilisikia neno hilo akiwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, na tangu hapo, Baba, alilia kama mtu anayejibania. Watu wakasema amepoa. Mimi nilijua anamngoja dada yake ndipo alie vizuri.

Umesahau jinsi mwanamke yule alivyokupenda kwa shida? Ulimchukua mdogo wake, ukampandisha mlimani, na kutoka msikitini ukampandisha kanisani vilevile. Alisema mbele za watu kwamba mtu wa milimani akishapandisha mke hamshushi tena. Nawe kwa ubishi wako ukamwahidi kwamba atakapotaka kumwona mdogo wake, gari litashuka. Gari lenyewe hukuwa nalo. Ulikuwa dereva wa kubeba majani ya chai kule Kwamkoro, na pikapu ilikuwa ya mzungu mwenye shamba. Uhuru ulipokuja na yule mzungu akafungasha, ukainunua, na nakumbuka siku ulipoingia nayo kijijini ukipiga honi kuanzia kule kwenye miti ya miwati, kuku wote wakakimbilia jikoni.

Jina la Kabaila walikupa vijana wa chama, siku ya mkutano wa kijiji, waliposema mtu mwenye gari lake peke yake katika nchi ya Ujamaa ni kabaila. Hukukasirika. Ulisema, "Sawa, basi apande mmoja wenu nyuma, tushuke naye hadi Soni, aone ukabaila ulivyo mtamu." Akapanda yule mrefu. Aliporudi alikuwa anatembea amejishika kiuno, na tangu siku hiyo kijiji chote kikaiita pikapu Kabaila, na viazi vya shamba la kijiji vikawa vinashuka nayo.

Ndiyo tabu yenyewe hiyo, Baba. Ile nyuma! Shokapu zilikuwa zimekufa zamani, na ukipita shimo, mkia ulikuwa unaruka na kuruka tena hadi usahau shimo lilikuwa wapi. Wewe dawa yako ilikuwa uzito. Ukiwa na viazi, gari lilitulia kidogo. Ukiwa huna viazi, ulisimama njiani ukapakia watu. "Pandeni, pandeni, nafasi ipo!" Siku ya mazishi yako, watu walisimama mmoja mmoja wakisifu ukarimu wako, jinsi ambavyo hukumpita mtu barabarani, bibi kizee wala mwenye mzigo. Mama alinitazama, nami nikamtazama, tukainamisha vichwa chini ya khanga. Walidhani tunalia.

Basi nilipomwambia Mama kwamba nitamfuata Mama Mkubwa na Kabaila, nimlaze nyuma kwenye godoro nimpandishe aje akuzike, alinijibu bila hata kuacha kumenya viazi: "Dada yangu si gunia." Alisema gari lile litamvunja hizo nyonga zilizobaki, tutapandisha maiti kuja kwa maiti. Nikasema shokapu mpya zipo. Akasema zipo tangu lini, na baba yako alizifunga wapi?

Hapo alinikamata. Ulizinunua Tanga, vipuri vilipoanza kuadimika, ukazifunga kwenye gunia na kuzisukuma chini ya kitanda ukingoja pahali pa tambarare. Kwetu huku pahali pa tambarare ni kitu cha kutengeneza kwa mikono, sufuria yenyewe jikoni ukiitua vibaya inaondoka. Ulikuwa ukisema gari halipandishwi jeki kwenye mteremko, likiponyoka tutaliokota mtoni. Kwa hiyo ukaanza kuchimba, kule juu ya nyumba, karibu na mpea. Kila jioni ukitoka shambani ulishika jembe ukaukata mlima kidogo kidogo, ukashindilia udongo, ukamwaga maji uone yanakimbilia upande gani, ukashindilia tena. Banda la Kabaila! Ulituita tuje tusimame hapo tuone raha ya kusimama miguu yote ikiwa sawa. Kazi ilipokwisha, ukaugua.

Kilichofuata hukukiona, nami nimekaa nacho moyoni nikitafuta wa kumsimulia. Wazee walizunguka kiwanja kutafuta pa kukulaza, maana pale kwa babu pamejaa na penye nafasi ni ukingo mtupu. Wakafika kwenye banda la Kabaila. Wakasimama. Kisha mmoja akasema, "Tazameni. Mzee alijiandalia mwenyewe." Wote wakatikisa kichwa kukubali. Mchungaji alipopata habari akaihubiri kabisa, mtu mwenye hekima anayetengeneza mahali pake kabla hajaitwa, wanawake wakatoa leso. Nikafungua domo langu niseme hapo ni pa gari. Nilifika "hapo ni pa", Mama akanibana mkono na kuninong'oneza, "Waache. Atapapenda." Ndiyo maana umelala kwenye kitanda cha Kabaila, na Kabaila analala barabarani na mawe kwenye magurudumu.

Pahali pa tambarare palipobaki ni pale ubavuni pako, pakubwa kiasi cha gari tu. Nilipomwambia Baba Mdogo kwamba nataka kuingiza Kabaila hapo, akavaa koti lake la ubalozi wa nyumba kumi, akaja kama anakuja kuamua kesi. Akasema haiwezekani kupiga nyundo juu ya kichwa cha marehemu na arobaini haijafika. Watatuonaje? Mama alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya chini, "Shemeji, mume wangu amekaa na kelele za gari lile miaka yote, ndiyo zitamsumbua leo?" Baba Mdogo alidai jambo moja tu, kwamba lazima uombwe ruhusa.

Akaja kwako na kofia mkononi. Akasema, "Kaka, tunaomba nafasi kidogo hapa. Si kwa dharau. Tunataka kumleta shemeji yako wa Magoma akuage." Akangoja, nasi nyuma yake tukangoja, sijui tulikuwa tunangoja nini. Ng'ombe akalia zizini. "Amekubali," akasema Baba Mdogo, akavua koti.

Tuliingiza gari kwa kinyumenyume, mkia upande wako uone kazi. Nikaweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, nikalegeza nati za gurudumu kabla ya kupandisha jeki, ubao chini ya jeki, magogo ya mkaratusi chini ya ekseli, yote kama ulivyonifundisha nilipokuwa nakushikia spana. Nilikuwa nimevaa ovaroli lako la Kwamkoro, nimekunja mikono na miguu. Mama alitoka jikoni na ungo, akaniona nimeinama nyuma ya gari, akakaa chini palepale kwenye ngazi. Hakusema alimwona nani. Nami nilijifanya natafuta bisibisi, maana macho yangu yalikuwa yamejaa.

Nati zilikuwa zimeota kutu hadi hazijulikani kama ni nati. Tukazimwagia mafuta ya taa, tukanywa uji, tukarudi. Za chini zikakubali. Ya juu kulia ndiyo hiyo niliyokuambia. Baba Mdogo alilala chali chini ya gari akichomekea spana kwenye kipande cha bomba ili apate nguvu, vumbi la kutu likimwingia machoni, na kila ilipoponyoka akagonga vidole alikuwa anasema yale maneno, kisha anakugeukia, "Samahani kaka." Mwishowe ikalia kama mlango wa zamani, ikafunguka. Shokapu ya zamani nilipoichukua mkononi ikaingia na kutoka bila hata kunung'unika, oili yote ilikuwa imevuja siku nyingi.

Basi nikafungua gunia lako. Zilikuwa zinang'aa, Baba, na rangi yake haijaguswa. Nikaisimamisha moja nikaikandamiza. Ikazama. Ilizama kirahisi tu, laini, kama ile ya zamani. Nikachukua ya pili, vilevile. Baba Mdogo akajaribu, akakaa chini kwenye udongo akasema, "Zimekufa naye."

Lushoto shokapu hazipo, Korogwe hazipo, Tanga kwenyewe watu wanaandikisha majina na kungoja. Na tulikuwa tumeshapeleka habari Magoma kwamba Jumamosi tunakuja. Aliyepeleka alirudi akisema Mama Mkubwa ameshaoga, ameshafunga kitambaa kipya na amewaambia majirani wote anakwenda kumzika shemeji yake. Nilikaa ukingoni kwako nikalia. Nililia kwa sauti, na sikujali nani anapita njiani. Nilikulilia wewe, si shokapu, nadhani siku ya mazishi nilikuwa na wageni wengi mno wa kuwapikia.

Mama akaja na chai. Akatutazama, akazitazama zile shokapu zimelala chini, akauliza, "Mmeziamsha?"

Tukamwangalia.

Akasema kila Jumapili mkitoka kanisani, ulikuwa unazivuta kutoka chini ya kitanda, unazisimamisha mlangoni mwa chumba, unazipandisha na kuzishusha kama mtu anayejaza upepo baiskeli, bado na suti yako. Alikudhani umechanganyikiwa. Alipokuuliza, ulimwambia zikilala muda mrefu zinameza hewa, lazima ziamshwe. Baba, miaka yote ile, na mimi niko chumba cha pili, nikidhani unasali!

Akaweka kikombe chini. Akaisimamisha shokapu, akakanyaga tundu la chini kwa kandambili, akashika juu kwa mikono miwili na kuanza. Mara za kwanza ilimfuata tu. Kisha ikaanza kuwa nzito. Akasukuma, akavuta, khanga ikamteleza kichwani, hadi akaning'inia juu ya kile chuma kwa uzito wake wote nacho kinashuka taratibu kwa heshima zake. "Huyu sasa ananikatalia!" akasema, akacheka. Alicheka, Baba. Kile kicheko chake cha puani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu utuache, na kilitokea karibu nawe kiasi kwamba ungenyoosha mkono ungemgusa.

Kufunga hakukuwa kazi tena. Raba, washa, nati, nikazikaza nusu, nikarudisha magurudumu. Baba Mdogo alitaka tuzikaze mpaka mwisho gari likiwa bado juu. Nikakataa, nikamwambia hukazwa likishakanyaga chini kwa uzito wake, la sivyo raba zinajipinda, na kama hasadiki aliyenifundisha amelala hapo amuulize. Hakuuliza. Tulipomaliza akaukandamiza mkia kwa nguvu zake zote. Ukashuka, ukapanda, ukatulia. Akakandamiza tena. Akamwita jirani aje akandamize. Jioni ile watu walipanga foleni kumkandamiza Kabaila, na yule kijana mrefu wa chama alirudia mara mbili huku amejishika kiuno kwa kumbukumbu.

Jumamosi tulishuka, mimi kwenye usukani, Mama pembeni, Baba Mdogo nyuma juu ya godoro lako la sufi. Kule Soni watu walipunga mikono wakitaka kupanda. Nilitaka kupita, si tunalo gari lisilohitaji uzito? Mama akasema, "Simama uwapakie. Usimharibie mzee jina." Tukawapakia hadi Mombo, nao wakakuombea kwa Mungu njia nzima. Basi ukarimu wako sasa ni wa kweli, ujue hivyo.

Magoma joto lilikuwa lile lile, na jinsi walivyokutana sitaandika, siwezi. Tulimlaza Mama Mkubwa nyuma na mito kila upande. Njia nzima ya bonde nilikwenda polepole, na kwenye kona za mlima polepole zaidi, huku Mama akigeuka kila mara kwenye kidirisha cha nyuma: "Dada, umelala?" Na kutoka nyuma lilikuja jibu, "Nitalalaje na wewe unanipigia kelele?" Alifika na nyonga zake salama. Alisema amewahi kuumia zaidi akiwa kitandani kwake.

Wanaume walimbeba juu ya godoro hadi kwako. Alikutazama kwanza, akatazama pahali penyewe palivyo sawa, akasema, "Shemeji, nimechelewa." Kisha akaomba udongo. Tukashikwa na aibu, maana saruji ilishawekwa na kukauka, udongo wa kukutupia haukuwapo. Mama akapiga magoti ukingoni akaufukua kwa vidole, akamjazia dada yake kiganja. Mama Mkubwa akaumwaga juu ya saruji. Akaomba tena, na tena. Akasoma Fatiha yake, Baba Mdogo akangoja na kofia mkononi, akamalizia kwa Amina ya kanisani hasa. Ndipo Mama akalia, Baba. Alilia kifuani kwa dada yake hadi akaishiwa, akafuta uso, akauliza kama chai imeiva.

Mama Mkubwa yuko hapa bado. Anasema hashuki hadi aonje mapea. Mimi nakuahidi jambo moja, kwamba akitaka kushuka gari litashuka, na Mama akitaka kumfuata litashuka tena, na sitauliza kama kuna viazi vya kubeba. Funguo nimezitundika mahali Mama anapofikia.

Tangu saruji ikauke, Mama hufagia kaburi lako kila asubuhi, hataki kuona hata jani moja. Leo asubuhi alikuja na ufagio, akasimama mbele ya ule udongo wa dada yake. Akafagia kuuzunguka, taratibu, akauacha.

Pumzika Baba.

Ni mimi mwanao,
Damari